Kadi ya Waifai na Kizimba cha Chuma

Jumapili ile tulipoibiwa, mimi ndiye niliyetoka nyumbani wa mwisho. Mke wangu alikuwa ametangulia kanisani kupanga viti na wenzake wa kikundi cha akina mama. Binti yetu alimfuata alipomaliza kupiga pasi. Mimi nilibaki nikitafuta miwani, kwa sababu ilikuwa zamu yangu ya kusoma neno na niliogopa kuchelewa. Miwani naikumbuka, niliikuta juu ya friji. Nakumbuka pia jua la barabarani na salamu za mwenye duka la kona. Lakini kati ya friji na barabara kuna pengo. Nimelirudia pengo hilo mara nyingi kuliko sala yoyote, na mpaka leo sijauona mkono wangu ukifunga kufuli.

Tuliporudi, laptopu ya binti yangu haikuwepo. Mlango haukuwa umevunjwa, na kufuli halikuonekana.

"Mzee, ulifunga?" mke wangu aliuliza.

"Nilifunga," nikasema. "Hawa watu siku hizi wana funguo zao. Na kufuli wamekwenda nalo."

Mimi ni mzee wa kanisa. Ndiye ninayewafundisha wanaojitayarisha kubatizwa, na somo la kusema kweli ni langu kila mwaka. Niliyatamka maneno yale nikijifariji kwamba sina hakika kuwa ni uongo. Binti yangu alinitazama, akainama kuokota karatasi zake zilizokuwa zimetapakaa sakafuni.

Laptopu ile ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alikuwa akisikiliza mikutano na mahojiano ya watu wa mbali na kuyaandika, akiwa ameketi hapa hapa mtaani kwetu Komarock, karibu na dawa yake. Ana pumu tangu utotoni. Ilipoibwa, alirudi Industrial Area, kwenye viwanda, kufanya kibarua cha kufungasha unga. Kila jioni nilimsikia akikohoa kabla sijaona uso wake getini. Nilikuwa nikihesabu pumzi zake kutoka getini hadi mlangoni. Siku akinyamaza niliogopa zaidi kuliko siku akikohoa.

Hakulalamika. Alianza kununua kompyuta kipande kwa kipande: sanduku jembamba lililotoka kwenye ofisi fulani mjini, kisha prosesa, ndiyo moyo wake, kisha kumbukumbu, kisha kioo chenye mkwaruzo pembeni na kamera ndogo juu yake. Aliviunganisha juu ya meza ya jikoni kwa bisibisi yangu, mama yake akimsihi asimwage skrubu kwenye mboga.

Nami nikafanya kazi niliyoijua. Nilichomelea vyuma viwandani kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu. Nilinunua vyuma vya pembe na bati la milimita mbili, nikatengeneza kizimba cha kuifungia kompyuta ile. Pande mbili nilizitoboa matundu madogo ya kupitisha hewa. Nyuma niliweka bati zima, nikalikaza ukutani kwa boliti nne katika chumba cha binti yangu. Mlango wa mbele ulikuwa na kufuli jipya, kubwa kama ngumi. Kioo na kibodi vilikaa nje, na nyaya zao zikapita kwenye tundu moja.

"Umeifungia kama chui wa mbugani," mke wangu alisema.

"Chui hafuatwi na wezi," nikamjibu.

Alicheka. Mimi sikucheka.

Kisha ukaja ujumbe tuliokuwa tukiuombea. Watu wa ile kazi ya kuandika walikuwa tayari kumchukua tena, ila kwanza walitaka kumpima. Angefanya mtihani wa saa moja mbele ya kamera, Alhamisi saa nne asubuhi. Mtandao ukikatika zaidi ya dakika moja, mtihani unajifunga wenyewe, na harudii mpaka mwaka mwingine. Mwaka mwingine wa unga!

Mtandao wetu tunashirikiana na mwalimu anayekaa ghorofa ya juu. Ruta iko kwake. Tulikuwa tumeteremsha waya ukutani kwa nje, ukakatwa mara mbili, kwa maana wapo watu wanaodhani kila waya una shaba ndani. Mwalimu mwenyewe akasema basi, tusiweke mwingine, maana wezi hao watapanda siku moja mpaka dirishani kwake. Ikabaki waifai, na kompyuta ya binti yangu haikuwa na kitu cha kuipokea. Ilihitaji kadi.

Binti yangu hangeweza kuomba ruhusa kazini siku mbili, ya kwenda mjini na ya mtihani. Kibarua anayekosa siku mbili hupata nafasi yake imekaliwa. Kwa hiyo alinituma mimi. Aliniandikia karatasi kwa herufi kubwa: kadi ya ndani, si ya kuning'inia nje kama flashi, nafasi ya kuichomeka iliyopo ni moja, fupi, na muhimu kuliko yote, iwe na mguu mfupi, kwa sababu sanduku ni jembamba.

"Baba, ule mguu ni kile kibati cha kukazia nyuma," alinieleza. "Ukileta mrefu peke yake, mfuniko hautafunga."

Niliikunja karatasi nikaiweka ndani ya Biblia ndogo ninayotembea nayo. Jumamosi asubuhi, kabla ya kutoka, niliomba nisidanganywe. Nilifunga mlango nikausukuma mara tatu, nikaenda hatua kumi, nikarudi nikausukuma tena.

Kibanda nilichoelekezwa kilikuwa ndani ya jengo lenye vibanda vingi, kila kimoja kipana kama kitanda. Muuzaji alikuwa mama wa makamo, miwani yake imening'inia shingoni kwa kamba ya shanga.

"Karibu mzee. Leo tunatengeneza nini?"

Nikampa karatasi. Aliisoma akatabasamu.

"Huyu aliyeandika anajua kazi. Ni kijana wako?"

"Ni binti yangu."

"Aii! Basi wacha nisikubebe ufala, nikakuuzia takataka. Atakuja kunigombeza hapa mbele ya wateja."

Alinipangia vitu vitatu juu ya kioo cha meza yake. Cha kwanza kilikuwa kidude kidogo cha kuchomeka, sawa na kidole gumba. "Hii ni rahisi, lakini ikishika joto inalala. Ukiwa na kitu cha maana itakuaibisha." Cha pili kilikuwa kadi ya kijani yenye antena mbili, na ndani ya boksi lake miguu miwili, mrefu na mfupi. "Hii ni ya kazi. Inashika masafa mawili. Kuna lile la polepole linalofika mbali, na lile la mbio ambalo ukuta mmoja tu unalichosha. Mtandao ukisumbua huku, unahamia kule." Cha tatu kilikuwa kizito, kimefunikwa bati jekundu la kupoza joto.

"Na hiki?"

"Hicho ni cha wale wa kucheza gemu. Kama ruta yenu ni ya kawaida, mzee, ni kama kumnunulia punda viatu."

Nikacheka, nikaanza kumpenda. Lakini moyo wangu haukutulia. Nilishika kadi ya kijani nikaigeuza. Sikujua ninatafuta nini. Chuma nakijua, chuma kibovu huonyesha ubovu wake ukikigonga. Kitu hiki hakikuwa na mahali pa kugonga. Na pumzi za mtoto wangu za mwaka mzima zilikuwa zimening'inia hapo, kwenye kitu kisichozidi uzito wa kipande cha sabuni.

Ndipo yule mama akaniuliza, "Hiyo kompyuta iko wapi kwa nyumba? Karibu na dirisha? Imezungukwa na nini?"

Kwa nini anataka kujua? Nyuma yangu walisimama watu wawili wakitazama chaja. Nilifikiri: huyu anauliza iko chumba gani, kesho ataniuliza mtaa gani, na Jumapili tutarudi kutoka kanisani tukute ukuta mtupu.

"Iko mezani," nikasema.

"Wazi tu?"

"Wazi."

"Sawa. Kwa sababu kama imefichwa mahali pabaya, kuna hii." Alitoa antena yenye waya mrefu na kitako cha sumaku. "Hii unaiweka kando, mahali penye hewa. Imebaki moja tu."

"Haina haja," nikasema. "Iko mezani."

Nikanunua kadi ya kijani, nikaishika mkononi ndani ya mfuko wa koti mpaka nyumbani.

Jumamosi hiyo hiyo alasiri, aliporudi kutoka kazini, binti yangu aliitoa kompyuta kizimbani, akaipeleka kwenye meza ya jikoni, akaondoa mguu mrefu wa kadi na kukaza mfupi. Mikono yake ni myepesi kuliko yangu ilivyokuwa katika umri wake. Alipoiwasha, mistari minne ya waifai ikajaa yote. Akampigia kwa video mama yake, ambaye wakati huo alikuwa sokoni, na uso wa mke wangu ukatokea kwenye kioo, fungu la sukuma wiki kwapani.

"Yaani mnanipiga picha hivi, kichwa wazi? Si mngeniambia nifunge kitambaa!"

Tulicheka wote watatu. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Kabla hatujaenda kanisani siku iliyofuata, nikairudisha kompyuta kizimbani mwenyewe, nikafunga kufuli, nikasukuma.

Jumatatu jioni binti yangu alirudi akikohoa, akanywa dawa, akaketi kufanya mtihani wa majaribio. Mstari ukawa mmoja. Picha yake ikaganda, mdomo wazi. Mtandao ulikatika, ukarudi, ukakatika. Alijaribu mara tatu, na mara tatu mtihani ulijifunga.

"Baba," alisema taratibu, "labda ni hili sanduku. Tuitoe tujaribu nje?"

"Lina matundu," nikasema. "Hewa inapita."

"Si hewa, Baba. Ni..."

"Hapana. Haitoki. Dirisha hili linatazama uchochoroni. Ni ile kadi. Yule mama ameniuzia mbovu, ilikuwa nzuri siku moja tu. Nitairudisha."

Alikuwa na jibu, niliona likimfika mdomoni. Lakini ni mtoto niliyemlea kutobishana na baba yake, na alikuwa amechoka. Akaifungua kadi, akanikabidhi. Usiku ule nilipopiga magoti, sikuweza kuomba juu ya mtihani. Kila nilipoanza, nililiona kufuli. Nilianza kuogopa kwamba Mungu amelishika neno langu la Jumapili ile, na kwamba atakayelilipia si mimi bali kifua cha mtoto.

Jumanne tulimzika mwenzetu wa kanisa, na mimi ndiye niliyeongoza maombi kaburini. Kwa hiyo ilikuwa Jumatano, siku moja kabla ya mtihani, niliporudi kwa yule mama. Nilikuwa nimetayarisha maneno makali. Hakuniacha niyamalize. Aliichukua kadi, akaipachika kwenye mashine yake ya kujaribia, na mistari minne ikajaa mbele ya macho yangu.

Alivaa miwani yake akanitazama.

"Mzee, niambie ukweli. Hiyo kompyuta inakaa wapi?"

Nikasema, "Ndani ya kizimba."

"Cha mbao?"

"Cha chuma."

"Chuma gani? Wavu?"

"Bati. Milimita mbili. Lina matundu ya hewa."

"Na nyuma, kwenye antena?"

"Bati zima. Limekazwa ukutani."

"Woi! Mzee umeifunga kifungo cha maisha, halafu unataka isikie habari za nje!"

Jirani yake wa kibanda alicheka mpaka akaegemea rafu. Nami nilitaka kucheka, lakini macho yangu yalikuwa yamelowa. Yule mama aliona, akashusha sauti.

"Si nilikuuliza? Chuma inazuia mawimbi. Ungeniambia tu."

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Niliogopa kila mtu, mama."

Hakucheka tena. Alitafuta ile antena ya waya kwenye droo, ingawa alijua haimo. Ilikuwa imenunuliwa Jumatatu, na nyingine zingekuja wiki inayofuata. "Kesho itoe tu," akasema, akinirudishia kadi. "Iweke mezani kama ulivyoniambia. Atapita, huyo anajua kazi."

Kama nilivyomwambia. Maneno hayo nilikwenda nayo nyumbani.

Mke wangu alikuwa barazani akichambua maharagwe kwenye ungo. Niliketi karibu naye, nikamsubiri binti yetu. Nilimsikia getini, nikahesabu. Alipoketi na kupata pumzi, niliwaeleza habari ya chuma na mawimbi. Binti yangu aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu anayesikia jambo alilolijua.

"Basi tunaitoa sasa, Baba?"

"Tunaitoa. Lakini kwanza nisikilizeni." "Nilitengeneza kizimba kizito vile kwa sababu ya Jumapili ile. Niliwaambia nilifunga mlango. Sijui kama nilifunga. Nimejaribu kukumbuka na sikumbuki. Na si siku ile tu. Kuna mambo mengine siku hizi yananitoka. Nilisema nilifunga kwa sababu niliogopa mtaanza kunitazama kama mtu wa kuangaliwa."

Mke wangu aliacha kuchambua. Binti yangu aliinuka, akaingia chumbani. Nilidhani ameshindwa kuniangalia. Alirudi ameshika kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha mkononi, akakiweka juu ya ungo, kati ya maharagwe. Lilikuwa kufuli letu la zamani.

"Lilikuwa kwenye msumari wake nyuma ya mlango, Baba. Nililiona tuliporudi, nikalitia mfukoni kabla mama hajageuka."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulishasema umefunga."

Miezi yote ile alikuwa amevuta vumbi la unga kwa ajili ya mlango nilioacha wazi, na alikuwa amelificha kufuli nisije nikaaibika. Nilimwomba msamaha pale pale. Akanishika bega.

"Baba, wacha hiyo. Nisaidie kubeba."

Alhamisi saa nne asubuhi kompyuta ilikuwa juu ya meza ya jikoni, antena mbili zimesimama kama masikio ya sungura. Mke wangu alizima redio na kuwafukuza watoto wa jirani waliokuwa wakipiga mpira ukutani. Mimi niliketi kwenye kiti nje ya mlango wa jikoni, Biblia imefungwa mapajani. Sikuisoma. Nilisikiliza vidole vyake. Vikienda, niliweza kupumua. Vikisimama, niliona mstari mmoja, picha iliyoganda, magunia ya unga. Mara moja vilisimama kwa muda mrefu, kisha akakohoa, akakohoa tena, na nilishika mbao za kiti mpaka vidole vikaniuma. Halafu vikaendelea. Niliogopa saa nzima, na sitadanganya kwamba imani iliniondolea hofu hiyo. Nilibaki nimeketi nayo tu, bila kuinuka kwenda kuukagua mlango.

Alipotoka, uso wake ulikuwa umejaa jasho.

"Haukukatika, Baba. Hata mara moja."

Wiki ya pili walimwandikia kwamba amepita. Alikwenda Industrial Area kuwaaga wenzake na kurudisha aproni. Sasa anaandika mezani kwake, mchana, dirisha wazi. Kikohozi bado kipo, lakini hakina tena ile filimbi ya pumu ndani yake. Yule mama wa kibanda alinitumia habari kwamba antena za waya zimefika; nikamshukuru, lakini sikununua. Kizimba nilikifungua boliti nne nikakihamishia nyuma ya nyumba. Mke wangu anafugia kuku wanne humo, na anasema ndio wapangaji pekee mtaani wasiouliza nywila ya waifai.

Hofu haijaniacha. Jumapili tunapotoka wote, kompyuta inabaki mezani, na ninapofika kanisani mawazo yangu hurudi nyumbani mara mbili, mara tatu kabla ya wimbo wa kwanza. Lakini siku hizi sitoki wa mwisho peke yangu. Binti yangu husimama nami mlangoni. Tunatumia lile kufuli la zamani; ufunguo wake ulikuwa bado kwenye shada langu la funguo, sikuwahi kuutoa. Nalibana, nalivuta, nasema, "Nimefunga."

Naye anaangalia, haharakishi, kisha ananijibu, "Nimeona, Baba."

Ndipo tunaondoka.